Dawa imeingia ardhini, maji bado machafu: pa kuanzia kutafuta kosa

Visima vimechimbwa, dawa imedungwa, miezi imepita, na majibu ya maabara yamerudi na namba usizozitarajia. Labda hazijashuka hata kidogo. Labda zilishuka zikakupa matumaini, kisha zikapanda. Labda kemikali uliyokuwa ukiiwinda imekwisha, lakini nyingine ambayo haikuwepo imejaa mahali pake.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho. Unahusu kusafisha maji ya chini ya ardhi papo hapo yalipo: kudunga vioksidishaji, yaani kemikali zinazouvunja uchafu kama kuuchoma, kulisha bakteria ili wale uchafu, kupuliza hewa chini ya maji, au kuzika ukuta wa chembe za chuma njiani mwa maji. Namba zikikataa, kishawishi cha kwanza ni kuagiza dawa zaidi. Naomba ukizuie. Mara nyingi nilipoitwa kuangalia kazi iliyokwama, dawa haikuwa na kosa. Ilikuwa imekwenda pasipo na uchafu. Ukiongeza nyingine bila kujua ya kwanza ilielekea wapi, nayo itafuata njia ileile.

## Anza na chupa ya sampuli

Kabla hujalaumu ardhi, hakikisha sampuli inasema kweli. Maji yaliyotuama ndani ya bomba la kisima si maji ya ardhini. Yamekaa na hewa, na kemikali zinazoruka kwa urahisi zimekwishatoroka. Vuta polepole, kati ya mililita 100 na 500 kwa dakika, ukiangalia maji kisimani yasishuke zaidi ya sentimita 10 hivi. Usijaze chupa mpaka vipimo vitulie: visomo vitatu mfululizo ambavyo pH, yaani kipimo cha uasidi, haijasogea zaidi ya 0.1, upitishaji umeme zaidi ya asilimia 3, wala redoksi, kipimo cha nguvu ya maji ya kuoksidisha, zaidi ya milivolti 10.

Chupa ndogo ya mililita 40 ijazwe mpaka maji yavimbe mdomoni, ifungwe, ipinduliwe, igongwe kwa kidole. Ukiona kiputo kinapanda, mwaga uanze upya, kwa sababu kemikali itahamia ndani ya kiputo hicho. Maji yenye chokaa nyingi yana kisa chake: tindikali ya kuhifadhia iliyotiwa chupani huyafanya yatoe gesi, na viputo vikazaliwa hata kama umejaza vizuri. Hapo chukua sampuli bila tindikali na uiwahishe maabara, kwani muda wa kuihifadhi unapungua kutoka siku 14 hadi 7.

Kosa linalodanganya hata mafundi wazoefu ni la rangi. Niliwahi kushika chupa iliyotoka kwenye kisima cha ufuatiliaji wiki chache baada ya pamanganeti ya potasiamu, kioksidishaji cha rangi ya zambarau, kudungwa. Maji yalikuwa na zambarau hafifu, kama maji yaliyosuuziwa chupa ya wino. Majibu ya maabara: uchafu haukuonekana kabisa. Wenye kazi walishaanza kuzungumzia kufunga visima. Lakini zambarau ile ilikuwa pamanganeti ambayo bado ina nguvu, na iliendelea kula uchafu ndani ya chupa safari nzima. Namba ya maabara ilieleza hali ya chupa siku ilipopimwa, si hali ya ardhi siku ilipochotwa. Tiba ni ndogo: tia asidi askobiki, yaani vitamini C, kidogo kidogo papo hapo kisimani mpaka rangi ipotee, ndipo upeleke sampuli. Na hata hapo usitangaze ushindi mpaka kisima chenyewe kimeacha kutoa rangi kwa muda mrefu, maana bomba lililojaa dawa hujisafisha lenyewe huku udongo ulio mita mbili pembeni ukiwa vilevile.

## Dalili: namba hazijasogea kabisa

Sababu ya kwanza huenda ni haraka yako tu. Fanya hesabu. Tuseme mchanga una upitishaji wa mita 10 kwa siku, uso wa maji unateremka nusu mita kila mita 100, yaani 0.005, na nafasi zinazopitisha maji ni robo ya ujazo. Zidisha 10 kwa 0.005, ugawe kwa 0.25: maji yanatembea mita 0.2 kwa siku. Kisima cha ufuatiliaji kilicho mita 30 mbele kitaanza kuyaona maji yaliyotibiwa baada ya siku 150. Kama kemikali inanata kwenye udongo kiasi cha kwenda nusu ya kasi ya maji, ni siku 300. Aliyepima mwezi wa tatu akaona hakuna badiliko hana habari mbaya. Hana habari yoyote.

Sababu ya pili, na ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote, ni ujazo. Watu huhesabu kilo za dawa na kusahau lita za maji yanayoibeba. Chukua kichujio cha kisima, yaani sehemu ya bomba yenye matundu ya kupitisha maji, chenye urefu wa mita 3 kwenye mchanga uleule. Ukidunga mita za ujazo 2, dawa itajaza mduara wenye nusu kipenyo cha mita 0.92. Kama visima vya kudungia vimeachana mita 6, kila kimoja kinapaswa kufika mita 3, na hapo unahitaji takribani mita za ujazo 21. Tofauti ni mara kumi. Katikati ya visima kunabaki eneo ambalo halijaonja tone, na maji machafu yanapita humo bila kuguswa.

Hata hizo 21 zinadhani ardhi ni sawa kila upande, jambo ambalo si kweli. Dawa hupenda changarawe na mchanga mnene. Uchafu wa zamani umejificha kwenye mchanga laini na mfinyanzi. Ndiyo maana mimi hushauri jaribio dogo la kudunga kwanza, ukiwa umetia bromidi, aina ya chumvi, kwenye maji kama alama na kuweka visima viwili vitatu vya muda karibu. Bromidi hailiwi na bakteria wala hainati kwenye mchanga. Ikionekana kisimani, maji yako yamefika. Isipoonekana, usibishane nayo.

Ikiwa dawa imefika na bado namba ziko palepale, fikiria udongo wenyewe. Kioksidishaji hakibagui: kinakula mabaki ya mimea, salfidi na madini ya chuma kwa hamu ileile kinavyokula petroli. Kwenye udongo mweusi wenye mboji, udongo unaweza kumaliza sehemu kubwa ya dawa kabla uchafu haujaguswa. Hili hujulikana kwa kuweka udongo wa eneo hilo, uliotoka kina kilekile, ndani ya chupa pamoja na dawa, na kupima kila siku kiasi kilichobaki. Inasikitisha ni miradi mingapi huanza bila jaribio hili la bei ndogo. Udongo ukiwa mlafi kiasi hicho, kuongeza kioksidishaji si jibu. Eneo hilo pengine linafaa zaidi kwa bakteria.

Upo pia udanganyifu wa upande wa pili: namba zimeshuka siku chache tu baada ya kudunga, kila kemikali kwa uwiano uleule. Hayo ni maji yako safi yamesukuma maji machafu kando. Pima kloridi au chumvi nyingine ya kawaida ya eneo hilo. Nayo ikiwa imeshuka kwa kiwango kilekile, hujaharibu uchafu, umeupunguza makali kwa maji.

## Dalili: dawa inachomoza juu ya ardhi

Simamisha pampu. Kila mita ya udongo uliolowa ina uzito wa takribani kilopaskali 20, kwa hiyo ukidunga kwenye kina cha mita 3 kwa shinikizo linalozidi 60 hivi, unaweza kuipasua ardhi. Ishara yake iko kwenye geji: shinikizo linapanda, linaanguka ghafla, na dawa inaanza kuingia kwa wepesi usio wa kawaida. Huo si ushindi. Ufa umefunguka, na dawa itaufuata mpaka juu au mpaka kwenye mtaro wa bomba la jirani.

Kama shinikizo lilikuwa dogo na bado dawa imetoka, tafuta tundu: kisima cha zamani kisichozibwa, saruji iliyopasuka kuzunguka bomba lako mwenyewe, au mchanga uliojazwa juu ya nyaya za chini. Ziba, punguza kasi, dunga visima vingi kwa wakati mmoja polepole badala ya kimoja kwa nguvu. Na anayeshika peroksidi au pasulfati, ambazo nazo ni vioksidishaji, avae miwani na glavu muda wote. Dawa inayorudi juu inachoma ngozi na macho.

## Dalili: ilishuka vizuri, kisha ikapanda

Hili ndilo linalovunja moyo kuliko yote, na ndilo linaloeleza mengi kuhusu ardhi yako. Mwaka 1994 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipitia maeneo 77 ambayo maji yalikuwa yakivutwa na kusafishwa juu. 69 yalikuwa hayajafikia malengo. Sababu iliyo nyuma ya mengi ya hayo haikuondoka kwa sababu tu sasa tunadunga dawa.

Fikiria tabaka la mfinyanzi lililolala chini ya mchanga. Kwa miaka 30 maji machafu yalipita juu yake, na uchafu ukapenya taratibu ndani, sentimita kwa sentimita, bila maji kutembea, kama harufu ya moshi inavyoingia kwenye nguo. Leo umeusafisha mchanga. Sasa mfinyanzi una uchafu mwingi kuliko mchanga, na safari inageuka: unatoka kidogo kidogo kuingia kwenye maji uliyoyasafisha. Pamanganeti uliyodunga ilipita kwenye mchanga siku chache ikaisha. Mfinyanzi utaendelea kutoa kwa miaka.

Chanzo cha pili ni kemikali yenyewe ikiwa bado kimiminika. Trikloroetilini, ambayo mafundi huiita TCE na iliyotumika sana kuondolea grisi kwenye vyuma, ina uzito wa kilo 1.46 kwa lita, kwa hiyo huzama ndani ya maji na kutulia kwenye vidimbwi vidogo na nyuzi nyembamba. Lita 1 ya TCE inatosha kuchafua mita za ujazo 292,000 za maji mpaka kiwango cha mikrogramu 5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha maji ya kunywa nchini Marekani. Kidimbwi kidogo kilichosahaulika kinatosha kukurudisha mwanzo.

Utajuaje ni kipi? Angalia namba za juu kabisa. Kanuni ya mkono inasema maji yenye zaidi ya asilimia 1 ya kiwango ambacho kemikali inaweza kuyeyuka yanapita karibu na kimiminika halisi. Kwa TCE ni kama miligramu 11 kwa lita. Ukiona hivyo, au ukiona namba inaruka haraka mara dawa inapokwisha, kuna kidimbwi. Ukiona upandaji wa polepole unaofika mahali na kutulia chini sana ya namba ya mwanzo, huo ni mfinyanzi. Kwa petroli na dizeli, ambazo huelea, linganisha namba na kina cha maji: mara nyingi uchafu hupanda msimu ambao maji yamepanda na kulowesha udongo uliopakwa mafuta juu ya kimo cha kawaida, sehemu ambayo dawa yako haikuifikia kwa sababu ulidunga wakati maji yako chini.

Kidimbwi hutafutwa na kushughulikiwa chenyewe, kwa kuchimba, kwa joto, au kwa kudunga mara nyingi mahali padogo. Mfinyanzi unataka dawa inayokaa: mafuta ya mimea yaliyosagwa kuwa matone madogo, au chembe za chuma, vitu vinavyodumu miaka na kuusubiri uchafu utoke. Kumshambulia mfinyanzi kwa kioksidishaji kinachokwisha kwa wiki chache ni kugharamia kushuka na kupanda kulekule kila mwaka.

## Dalili: TCE imekwisha, lakini kitu kingine kimejaa

Hapa bakteria wanafanya kazi, ila wameishia katikati. Wanaitoa klorini moja moja: TCE inakuwa dikloroetilini, kisha vinili kloridi, kisha etilini, ambayo haina sumu ya kuogopwa. Usilinganishe mikrogramu kwa mikrogramu, kwa sababu molekuli zinazidi kuwa nyepesi. Geuza uzito kuwa maikromoli, kipimo cha idadi ya molekuli, kwa kugawa kwa uzito wa molekuli. TCE mikrogramu 1,000 gawa kwa 131.4, unapata maikromoli 7.6. Dikloroetilini mikrogramu 740 gawa kwa 96.9, unapata maikromoli 7.6. Ripoti inayosema uchafu umepungua kwa robo inasema uongo bila kukusudia: hakuna molekuli hata moja iliyomalizwa, zote zimebadilishwa jina.

Kukwama huku kuna sababu chache. Bakteria wengi wanaweza hatua za mwanzo. Za mwisho zinategemea hasa kundi la Dehalococcoides, ambalo aina yake ya kwanza iliyotengwa ilitangazwa mwaka 1997. Hawapo kila mahali, na hata wakiwepo si wote wenye jeni la kumaliza vinili kloridi. Maabara inaweza kuwahesabu pamoja na jeni hilo. Wakifika milioni 10 kwa lita, kazi kwa kawaida huenda kwa kasi ya kuridhisha. Wasipoonekana kabisa, dunga waliokuzwa, lakini si kabla oksijeni haijaisha majini, maana huwaua.

Kama wapo na bado wamelala, pima pH kabla ya kitu kingine chochote. Chakula unachowapa, kiwe laktati, molasi au mafuta, kikichachuka huzalisha asidi, na wao hawapendi chini ya 6. Nimeona eneo lililolishwa kwa ukarimu likafika pH 5 na kila kitu kikasimama. Kilichohitajika kilikuwa bikaboneti ya kupunguza asidi. Kisha pima salfati, chumvi yenye salfa: ikiwa nyingi, bakteria wanaoitumia huwapora Dehalococcoides haidrojeni wanayoihitaji, na utalazimika kulisha zaidi au kusubiri. Mwisho uliza kama chakula kimebaki. Mafuta yaliyodungwa miaka minne iliyopita yanaweza kuwa yameisha.

Usiliache eneo katika hali hii kwa kujifariji kwamba TCE imeondoka. Vinili kloridi inasababisha saratani kwa binadamu, na kikomo chake Marekani ni mikrogramu 2 kwa lita, chini ya kile cha TCE yenyewe.

## Dalili: hewa inapulizwa, petroli haipungui

Kilo 1 ya benzini, mojawapo ya kemikali zilizomo ndani ya petroli, inahitaji takribani kilo 3 za oksijeni ili iliwe yote. Maji yaliyoshiba hewa yanabeba gramu 8 hadi 10 tu kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 300 za maji yenye hewa kwa kila kilo moja, na hapo hujahesabu chuma kinachopora oksijeni njiani. Kingine ni kwamba hewa haisambai kama viputo ndani ya sufuria. Hujitengenezea mifereji michache na kupanda kwayo siku zote. Puliza kwa vipindi, uwashe na kuzima, ili mifereji ifungike na kufunguka na maji yachanganyike. Ikishindikana, fikiria salfati: bakteria wengine huila petroli kwa kutumia salfati badala ya oksijeni, nayo inayeyuka vizuri sana, na kilo 4.6 zinatosha kilo 1 ya benzini.

## Dalili: kisima cha kudungia kimeziba

Toa kilichomo uangalie kwa macho. Ute mweusi wenye harufu ya mayai viza ni bakteria wa salfati wamejenga makao kwenye kichujio. Ute mwekundu wa kutu ni bakteria wa chuma. Unga wa kahawia iliyokolea baada ya pamanganeti ni manganizi dioksidi. Na kama hakuna kitu, lakini kisima kikipumzishwa usiku kucha kinakubali tena asubuhi, ni gesi imejaza nafasi za udongo.

Ute husukwasukwa kwa pistoni na kuoshwa kwa dawa ya kuua bakteria au asidi, lakini utarudi kama unalisha kidogo kidogo kila siku. Lisha kwa mkupuo mkubwa na wa nadra, kisha usukume kwa maji safi ili chakula kisibaki karibu na bomba.

## Dalili: ukuta wa chuma umezikwa, uchafu unaonekana upande wa pili

Kuta hizi si ngeni. Ule wa Elizabeth City, North Carolina, uliozikwa mwaka 1996, una urefu wa mita 46, kina cha mita 7.3 na unene wa mita 0.6, dhidi ya kromiamu na TCE. Ukivuja wako, pima kina cha maji mbele na nyuma yake kabla ya kuulaumu uchovu wa chuma. Maji yakiwa yamejaa upande yanakotokea na uchafu unatokeza kwenye ncha za ukuta, yanazunguka, aidha kwa sababu kaboneti na kutu vimeziba nafasi, au ukuta ni mfupi kuliko mkondo wa uchafu. Ukitokeza chini, ukuta haukufika kwenye mfinyanzi. pH ya 9 au 10 ndani ya chuma ni ya kawaida. Ikianza kushuka kufikia ile ya maji yanayoingia, hapo ndipo chuma kimechoka.

## Dalili: madini mapya, au gesi

Kila dawa inasumbua madini ya ardhi. Vioksidishaji huweza kugeuza kromiamu iliyolala kuwa ile yenye sumu inayotembea. Ulishaji wa bakteria huyeyusha chuma na manganizi, na arseniki iliyokuwa imeshikwa na chuma ikaachiwa. Kwa kawaida mambo haya hutulia maji yanaporudi hali yake mbele ya eneo lililotibiwa, lakini neno kwa kawaida halimtoshi mtu mwenye kisima cha kunywa mita 50 mbele. Pima madini kabla ya kudunga, la sivyo hutajua yapi yalikuwepo. Weka kisima cha ulinzi kati ya eneo lako na yule anayekunywa.

Metani nayo huzaliwa chakula kikizidi. Ikipanda kupitia udongo na kuingia ndani ya jengo, hewa yenye asilimia 5 ya metani inalipuka. Kwa hiyo kama kuna majengo juu ya eneo, pima gesi kwenye mashimo ya mabomba na vyumba vya chini kila unapopima maji. Kipimo kikionyesha gesi ndani, toa watu, usiguse swichi ya umeme, fungua milango kutoka nje, na usimamishe ulishaji mpaka njia ya gesi ijulikane na izibwe.